Palikuwa Peupe

Siku ya kupimwa macho, Mwewe aliamka akiwa amejiandaa kudanganya. Tusimfichie. Hata alipokuwa akifunga kamba za viatu, midomo yake ilikuwa ikipiga wimbo wa chati: kulia, chini, juu, juu, kushoto, chini. Wimbo huo ulikuwa mali ya kikosi kizima cha kreni. Kila mwaka muuguzi wa kampuni hutundika ukutani chati ileile yenye herufi E zilizogeuzwa huku na huku, nawe unasimama hatua sita na kuonyesha kwa mkono miguu ya E imeelekea wapi. Chati haikuwa imebadilishwa kwa miaka tisa. Madereva wa kreni, watu ambao riziki yao ni kusoma mikono ya wenzao, waliigeuza kuwa wimbo wakafundishana wakati wa chai, na kwa miaka tisa hakuna aliyewahi kushindwa, hata mzee mmoja aliyekuwa akiamkia nguzo akidhani ni watu.

Safari hii lakini haikuwa ya kwa muuguzi. Kampuni ilikuwa imetoa amri kwamba kila anayeendesha mashine apimwe macho hospitali, kipimo kamili, alete cheti. Asiye na cheti hapandi. Amri hiyo ilizaliwa na ajali, na ajali hiyo ilikuwa ya Mwewe.

Miezi minane nyuma, saa nne asubuhi, jua limewaka vizuri, Mwewe akiwa kwenye kibanda chake juu ya mnara, alikuwa akishusha fungu la nondo kwenye kona ya jengo. Chini alikuwepo shemeji yake, mdogo wa mkewe, baba mmoja mama mmoja. Huyu alikuwa mfungaji mizigo, na wenzake walimwita Kimya, kwa kuwa siku akisema maneno kumi walimuuliza kama ana homa. Kule juu dereva hasikii chochote, kwa hiyo kazi huenda kwa mikono. Kidole kikizunguka hewani, pandisha. Kiganja kikipunga chini, shusha. Ngumi ikiinuliwa, simama papo hapo, hata kama aliyeinua ni mpita njia. Mwewe hakuona ngumi. Aliona ukuta na ardhi tupu, akashusha. Fungu likayumba, mguu wa shemeji yake ukabanwa ukutani, na jioni ile madaktari wakaukata juu ya goti.

Kwenye kikao cha uchunguzi kila mmoja alisema lake. Kimya aliletwa kwa kiti cha magurudumu, akasema, "Nilikuwa nimesimama palepale muda wote. Nilimwinulia ngumi. Alinitazama usoni." Mwewe akaapa mbele ya watu wazima kumi na mmoja: "Pale palikuwa peupe. Hapakuwa na mtu." Na hakusema uongo, hilo lieleweke mapema. Mtu huyu alikuwa na kasoro zake, mbishi, mwenye kujisifu, asiyependa kuulizwa mara mbili, lakini kumsingizia ndugu hakuweza. Alikuwa amepaona peupe. Kikao kikamwamini aliye juu, maana watu hudhani aliye juu ndiye aonaye zaidi. Kimya akaandikiwa uzembe, akaachishwa kazi bila shukrani. Mkewe Mwewe akasimama na mumewe. Alimwambia mdogo wake, ambaye utotoni alimbeba mgongoni mpaka nguo zikachanika, kwamba mume wake si mwongo na asirudie kumwita hivyo, na tangu siku hiyo hakuna aliyekanyaga mlango wa mwenzake.

Kwa hiyo cheti hiki hakikuwa cha kazi peke yake. Mwewe alitaka karatasi yenye mhuri iseme kwamba macho yake ni mazima. Ikisema hivyo, basi shemeji ndiye aliyekosea, na yeye atalala usingizi kama watu. Isiposema hivyo, hapo ndipo mawazo yake yalipogoma kufika, akauanza wimbo upya. Kulia, chini, juu, juu.

"Utaimba mpaka lini?" mkewe aliuliza wakiwa wamekaa kwenye benchi la kliniki.

"Mpaka wanipe cheti, mama watoto."

Mkewe hakucheka. Alikuwa ameng'ang'ania kuja naye, jambo ambalo si kawaida yake, na sasa alikuwa ameupakata mkoba wake kwa mikono miwili. Chumba kilikuwa kirefu, chenye mabenchi pande zote mbili na picha ya jicho lililopasuliwa katikati, kubwa kama sinia, na mishipa yake myekundu. Kila mgonjwa aliyeingia alikaa mahali ambapo hakuwa akitazamana nalo. Feni ilizunguka polepole bila kumpoza mtu.

Karani aliwaita mezani, akafungua faili jipya. Akauliza kisukari. Hakuna. Presha ya damu. Hakuna. Kuumia kichwa? Hakuna.

"Katika familia kuna aliyepoteza uwezo wa kuona?"

"Baba yangu," alisema Mwewe. "Lakini ule ulikuwa uzee tu."

"Alikuwa na umri gani?"

Mwewe alifikiri. "Hamsini na kitu."

Karani aliacha kuandika. Akatupia jicho pale alipokuwa ameandika umri wa mgonjwa, hamsini na tatu, kisha akaandika maneno marefu kuliko jibu alilopewa. Mwewe aliona.

Ndipo mkewe akainama mbele. "Mwanangu, samahani. Hivi vipimo vyenu vinaweza kujua tatizo lilianza lini?"

"Daktari anaweza kukadiria, mama."

"Mwaka? Au mpaka mwezi?"

"Tatizo gani?" Mwewe alidakia. "Mbona unanichuria, mke wangu? Hata sijapimwa!"

Mkewe akasema aliuliza tu, akarudi kukaa.

Aliyempokea ndani alikuwa mpimaji, mama wa makamo mwenye koti jeupe na sauti ya kubembelezea watoto. Alimsimamisha kwenye mstari wa njano, akamfunika jicho moja, akawasha taa ya chati. Zilikuwa E kweli, lakini si zile. Mstari wa kwanza ulianza na kushoto! Wimbo wa miaka tisa ukafa kinywani, naye akabaki amesimama na mkono wake hewani, hana pa kuuelekeza.

"Onyesha tu unavyoona, baba," alisema mpimaji.

Basi akaonyesha. Hakuwa na ujanja mwingine. Akaonyesha mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kadiri alivyoshuka ndivyo alivyoshangaa, kwa sababu alikuwa akiziona. Hata zile za mwisho, ndogo kama punje za ufuta, alizisoma zote kwa jicho la kulia na kwa jicho la kushoto, bila wimbo na bila kubahatisha. Nusura acheze. Miezi minane ya kukosa usingizi ikamtoka kifuani kwa pumzi moja. Kumbe alikuwa mzima! Kumbe alikuwa akiogopa kivuli chake mwenyewe! Na hapohapo, ndani ya ile furaha, akamkasirikia shemeji yake upya.

"Andika hapo, dada," alisema akivuta suruali juu. "Hawaniiti Mwewe bure. Nipe cheti changu niende zangu."

"Chati umeifaulu vizuri sana, baba," alisema mpimaji. "Lakini hapo ni mlangoni tu. Chati inatuambia unachokiona ukikitazama. Sasa tutafute usivyovitazama."

Mwewe hakupenda namna sentensi ile ilivyokaa, ila alifuata.

Kwenye mashine ya pili aliweka kidevu juu ya kibao, na bila hodi ikampuliza hewa jichoni. Akaruka kama aliyechomwa sindano. Mpimaji akacheka, akamwomba radhi, akasoma namba. Akaacha kucheka. Akampuliza tena. Akasoma. Mara ya tatu hakusema samahani, aliandika tu, akachukua kalamu nyekundu na kuzungushia alichoandika.

"Ngapi?" aliuliza Mwewe. "Nzuri?"

"Daktari atakueleza, baba."

Mtu mzima anajua maana ya maneno hayo. Hakuna habari njema iliyowahi kumsubiri daktari. Mwewe alimfuata mpimaji kwenye ushoroba, akamgonga bega mgonjwa aliyekuwa akija upande wa kushoto, na mgonjwa yule akaguna, "Macho yako yako wapi, mzee?"

Chumba cha tatu kilikuwa na giza. Katikati yake kulikuwa na mashine yenye bakuli kubwa jeupe, la kutosha kutia kichwa cha mtu. Mpimaji alimkalisha, akamfunika jicho la kushoto, akamtia kitufe mkononi. Masharti yalikuwa mepesi: tazama kitone cha njano katikati, usikiache. Taa ndogo zitawaka pembeni, hapa na pale. Ukiona taa, bonyeza. Usipoona, tulia.

Taa ya kwanza iliwaka juu kulia. Akabonyeza. Ya pili kulia, ya tatu juu. Kazi rahisi. Kisha taa zikaacha kuja. Alisikia mashine ikilia *tik* ndani ya tumbo lake, *tik*, na kimya, na *tik*, lakini bakuli lilikuwa jeupe tupu. Akasubiri. *Tik.* Ikaja moja kulia, akaishika kwa pupa. Kisha tena ile milio mitupu, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba mtu alikuwa akipita gizani akiwasha kiberiti kisichoshika.

"Dada, mashine yenu imekufa," alisema.

"Haijafa, baba. Tazama kitone."

Hapo ndipo Mwewe alipofanya kosa ambalo mtu mwingine asingelifanya. Dereva wa kreni huishi kwa mapigo. Hujua fungu linachukua muda gani kuyumba na kurudi, na hushusha kwenye pigo lake hata upepo ukivuma. Basi akayasikiliza mapigo ya mashine. *Tik*, hesabu mbili, bonyeza. *Tik*, hesabu mbili, bonyeza. Alibonyeza vizuri, kwa mpangilio, kama fundi. Akajiambia kwamba taa zipo, ila ni hafifu, na anachofanya si udanganyifu bali ni kuisaidia mashine mbovu.

Mpimaji akasimamisha kipimo.

"Baba," alisema taratibu. "Unabonyeza pasipo na taa."

"Nimeziona."

"Mara nyingine mashine inalia makusudi bila kuwasha kitu, ili imjue anayebahatisha. Wewe umebonyeza zote."

Mwewe alijiona mtupu mle gizani. Mzee wa miaka hamsini na tatu, mwenye wajukuu, kukamatwa akiiba mtihani na mashine!

"Tuanze upya," alisema mpimaji. "Na safari hii niambie kweli, hata kama kweli ni kutobonyeza."

Wakaanza upya. Akakaa na kidole juu ya kitufe, akasikia milio ikipita, ishirini, thelathini, hakuhesabu tena. Jicho la kulia lilipokwisha likaja la kushoto, na la kushoto lilikuwa baya zaidi. Kipindi kirefu hakubonyeza kabisa. Alikitazama kile kitone cha njano, na kitone kikamtazama, na kitu ambacho mawazo yake yalikuwa yamegoma kukifikia kwa miezi minane kilianza kuja chenyewe.

Walimtia matone ya kupanua mboni, wakamrudisha kwenye benchi asubiri nusu saa. Matone yaliwasha. Mwanga wa chumba ukaongezeka, maandishi ya kwenye kadi yake yakayeyuka, na uso wa mkewe ukabaki doa la kahawia lenye kitambaa.

"Wamesemaje?" doa likauliza.

"Chati nimeisoma yote."

"Yote?" Sauti yake ilipanda. "Basi si wakupe cheti tuondoke?"

"Kuna mashine nyingine. Mbovu."

"Huwezi kuwaambia inatosha?" aliuliza. "Chati ndiyo macho. Mengine ni kutafutana."

Mwewe alitamani sana kukubali. Lakini mlango ulifunguliwa, jina lake likaitwa, naye akanyanyuka akipapasa.

Daktari alikuwa mwanaume mwenye mvi, mpole, mwenye harufu ya sabuni. Alimwinamia na taa yenye makali kiasi kwamba Mwewe aliona mishipa ya jicho lake mwenyewe ikisimama mbele yake kama matawi yasiyo na majani. Tazama juu. Tazama chini. Tazama sikio langu. Daktari alitazama jicho la kulia, akaenda la kushoto, akarudi la kulia. Pumzi zake zilisikika. Alipozima taa aliichukua kadi ya Mwewe, akaisoma.

"Mzee, kazi yako ni ipi?"

"Kreni. Ya mnara."

Daktari akavuta kiti, akakaa mbele yake, magoti kwa magoti.

"Nitazame puani. Usihamishe macho. Sawa? Sasa niambie, mikono yangu mingapi iko juu?"

Pua ile Mwewe aliiona japo kwa ukungu. Kulia kwake aliuona mkono, vidole vimetanuka.

"Mmoja."

"Una hakika?"

"Nina hakika, daktari. Huu wa huku."

"Geuza kichwa kushoto."

Akageuza. Mkono wa pili ulikuwa pale, umeinuliwa, karibu na uso wake kiasi cha kuweza kuushika. Ulikuwa umekunja ngumi. Daktari hakuwa na nia yoyote na ngumi ile, ndivyo tu mkono wake ulivyokaa. Lakini Mwewe alisukuma kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta.

"Pole, pole," alisema daktari. "Hebu niambie. Kabla hujageuka, mahali hapa uliona nini? Uliona giza? Shimo?"

"Hapana. Niliona kabati lile la nyuma yako."

"Kabati zima?"

"Zima."

"Hukuona mkono mbele yake."

"Hapakuwa na kitu," alisema Mwewe, naye aliyajua maneno yanayofuata kabla hayajamtoka. "Palikuwa peupe."

Daktari alieleza kwa utaratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi na hajazoea. Ni presha ya macho. Imekula mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na imeanza pembeni, ndiyo maana chati inasomeka. Jicho la kushoto limebakiwa na tundu dogo la katikati. La kulia limeliwa upande wa kushoto na chini. Ubongo haupendi mashimo, kwa hiyo unayaziba: palipo na ukuta unaweka ukuta, palipo na ardhi unaweka ardhi. Mgonjwa haoni kwamba haoni. Haiumi, haiwashi, haitoi machozi. Kilichokufa hakirudi, ila kuna matone ya kila siku ya kulinda kilichobaki, na ndugu wa damu na watoto wapimwe.

"Na mashine hupandi tena, mzee. Hilo naliandika."

"Ilianza lini?" aliuliza Mwewe.

"Kwa hali niliyoiona, miaka. Mitano, pengine zaidi."

"Miezi minane iliyopita?"

"Miezi minane iliyopita ulikuwa karibu kama ulivyo leo."

Mwewe aliitikia kwa kichwa. Alishukuru, maana alilelewa kushukuru. Alipofika mlangoni aligonga kizingiti kwa bega la kushoto, na safari hii alijua kwa nini.

Nje kulikuwa na kibaraza chenye benchi la saruji, na mbele yake barabara na mwanga wa mchana ambao kwa mboni zile ulikuwa mateso. Mkewe alimkalisha, akamvika miwani ya karatasi nyeusi waliyopewa dirishani. Alikaa kushoto kwake. Mwewe akamwambia yote bila kupunguza. Akamwambia habari ya mkono wa daktari. Akamwambia, "Mdogo wako alisema kweli. Alisimama palepale. Nilimkata mguu, halafu nikamkata na ulimi."

Alisubiri kilio. Alisubiri apigwe, na angepigwa angekaa tu. Mkewe hakulia.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Najua alisema kweli. Nilijua kabla hajamaliza kusema." Sauti yake ilikuwa kavu. "Miaka minne sasa, baba watoto. Ulimkanyaga mkono mjukuu wetu alipokuwa akitambaa, ukasema hukujua katokea wapi, na mtoto alikuwa amekaa pale nusu saa akikuchekea. Tangu hapo nikaanza kuangalia. Kikombe chako nakuwekea kulia. Ile meza ndogo niliitoa sebuleni, ukanigombeza. Tukitembea, mimi niko upande gani?"

"Kushoto," alisema Mwewe polepole.

"Mara zote," alisema mkewe. "Kama sasa."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Wewe ukiambiwa shati lina doa unanuna siku mbili. Nilisema nitakuambia baada ya mwezi. Mwezi ukawa mwaka. Halafu likatokea lile."

"Likatokea lile ukamfukuza mdogo wako mlangoni."

"Yeye alikuwa ameshavunjika," alisema mkewe, na sasa ndipo sauti ilipoanza kupasuka. "Mguu haurudi, niseme nisiseme. Wewe ulikuwa bado mzima. Nikaokoa kilichobaki. Usinitazame hivyo. Mungu ndiye anajua nilivyomlilia."

"Na miezi minane hii? Umeniacha nipande, na watu chini yangu?"

"Kila ukitoka asubuhi nilikuwa nikikaa na simu mapajani," alisema. "Sipiki, sifagii, mpaka nisikie viatu vyako."

Mwewe aliogopa. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuogopa macho yake, aliogopa nyumba yake, mkono uliomwekea kikombe, upole ule wote wa miaka minne ambao alikuwa akiuita mapenzi na ambao, ndiyo, ulikuwa mapenzi. Alitaka kumchukia mkewe, akajikuta hajui aanzie wapi.

Simu yake ikalia. Aliitoa mfukoni lakini kioo kilikuwa ukungu mtupu, akampa mkewe.

"Msimamizi," alisema mkewe. Hakumrudishia mara moja. Alimsogelea sikioni. "Mwambie umeisoma chati yote. Hilo si uongo. Mengine tutajua kesho."

Mwewe akaichukua.

"Mwewe wangu!" Sauti ya msimamizi wa ujenzi haikuhitaji spika. "Cheti vipi? Kesho namwaga zege ghorofa ya tisa, nakutaka juu saa moja kamili."

Hapo palikuwa na mlango wazi, na Mwewe aliuona vizuri kabisa. Maneno matatu tu yalitosha: nimeisoma chati yote. Kesho angepanda, angeshusha, na pengine mwaka mzima ungepita bila mtu kusimama upande ule.

"Sipandi tena, mkuu," alisema. "Na lile faili la shemeji yangu lifungue. Alikuwa amesimama palepale. Aliinua ngumi. Mimi ndiye sikumwona. Upande wangu wa kushoto umekufa, daktari ameandika."

Msimamizi alipojibu, kelele zilikuwa zimemwisha.

"Unajua unachokisema? Hiki kitakwenda mbali, mzee. Kitaulizwa nani alijua." Alishusha pumzi. "Mimi nilikuja kwako jioni ile ya ajali, wewe ukiwa hospitali na shemeji yako. Nilimwuliza mkeo kama una tatizo lolote la macho. Akaniambia macho yako ni mazima kuliko yake. Aliandika hivyo na akatia saini, karatasi ninayo. Sasa niambie ukweli. Mkeo alijua?"

Habari ya saini Mwewe hakuwa ameisikia. Sauti ya simu ilikuwa kubwa, na mkewe alikuwa kando yake, kwa hiyo alisikia pia. Mwewe hakumwona. Pale alipokaa palikuwa na benchi, na ukuta, na kipande cha barabara. Hakugeuza kichwa.

"Hakujua," alisema.

"Una hakika?"

"Naapa. Hakuna aliyejua."

Alikata simu. Kiapo cha kwanza kilikuwa kimetoka moja kwa moja, bila kumkwama, kwa sababu alikiamini. Hiki kilimkwama kooni hata baada ya kumtoka. Mkewe alikuwa analia sasa, kwa kujizuia, na Mwewe alimwacha alie mpaka amalize. Kisha akasimama, akanyoosha mkono.

"Nishike," alisema. "Nipeleke kwa mdogo wako. Sasa hivi, kabla sijaanza kuona vizuri nikaghairi."

Mkewe alimshika, wakavuka. Njia nzima Mwewe alikuwa akipanga maneno ya kuomba radhi, na hayo aliyapata, yakakaa sawa. Jibu la swali moja ndilo hakulipata. Shemeji yake alikuwa mtu wa maneno machache, lakini angeuliza tu kama dada yake alijua.